Nani Ameshika Mashine? Mwanamke na Muziki wa Umeme, Tukitazama Kutokea Mpanda

Katika masomo ya fasihi simulizi tumezoea kuutendea wimbo kama mgonjwa wa kupasuliwa. Tunauchomoa maneno, tunayalaza mezani, tunahesabu vina na mizani, tunatafuta dhamira na ujumbe, kisha kile kilichobaki, yaani sauti yenyewe, tunakifunika shuka. Mimi mwenyewe nimeandika kazi mbili za namna hiyo na zote zimenipa alama nzuri, kwa hiyo asije mtu akadhani naandika kwa hasira za kufeli. Ninachouliza ni hiki: kama wimbo ni maneno tu, kwa nini watunzi wake wahangaike kuuimba? Si wangeutangaza tu!

Swali hili linamhusu mwanamke zaidi kuliko mwanamume. Katika uhakiki wetu wa muziki mwanamke hupewa cheo kimoja, nacho ni "sauti". Ana sauti nyororo, sauti ya kinanda, sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Mwanamume ndiye mpigaji, mtayarishaji, fundi mitambo. Makala haya yanajaribu kuichunguza historia ya mgawanyo huo wa kazi: tangu lini mashine iliingia katika muziki wetu, na mikono ya nani iliishika? Kwa "muziki wa umeme" nakusudia ule ambao sauti yake inazaliwa, inakatwa au inageuzwa ndani ya chombo cha umeme, kuanzia kinasa sauti hadi kompyuta. Kwa "majaribio" nakusudia ule ambao mtunzi wake anauliza sauti inaweza kufanya nini kabla ya kuuliza watu watacheza vipi. Wako watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Tuwape kurasa chache.

Nimechagua kutazama kutokea Mpanda kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni kwetu. Ya pili, Mpanda ni mahali pazuri pa kukumbuka kwamba muziki wa umeme unahitaji umeme. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa kwetu mwaka 1950 si kwa ajili ya watu bali kwa ajili ya madini ya risasi. Madini yalipokoma watu walibaki na reli. Kwa miaka mingi mji uliishi nje ya gridi ya taifa, ukitegemea majenereta ya dizeli, na hata baada ya Katavi kukatwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa kamili mwaka 2012, hali iliendelea kuwa ile ile kwa muda mrefu. Mtu aliyekulia Makanyagio au Kashaulili anajua kwamba wimbo una mwisho wa aina mbili, mwisho alioupanga mtunzi na mwisho anaoupanga jenereta.

Tuanze na Siti binti Saad, maana kila mtu anaanza naye, ila sisi tuanze naye kwa upande mwingine. Maisha yake tumeyasoma kwa Shaaban Robert: binti wa Fumba, mfinyanzi, muuza vyungu, mwimbaji wa majumba ya wakubwa na ya wanyonge. Mwaka 1928 alipanda meli na wenzake kwenda Bombay, kampuni ya His Master's Voice ikamrekodi, na kwa hiyo akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba ndani ya santuri. Wahakiki huishia hapo na kupiga makofi. Lakini hebu tusimame kidogo mbele ya ile mashine. Kurekodi kwa maikrofoni ya umeme kulikuwa kumeanza duniani mwaka 1925 tu. Kabla ya hapo mwimbaji alipiga kelele ndani ya pembe kubwa kama tarumbeta. Na santuri ya siku zile ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Taarab ya barazani haina dakika tatu. Ubeti unarudiwa, mpiga udi anazunguka, msikilizaji anatunza, kiitikio kinarejea. Mbele ya mashine ilibidi wimbo ufupishwe, au ukatwe vipande viwili na msikilizaji ageuze sahani katikati. Kwa maneno mengine, mashine ilihariri shairi. Mhakiki anayehesabu beti za wimbo wa santuri bila kukumbuka urefu wa santuri anahesabu uamuzi wa kampuni akidhani ni uamuzi wa mtunzi.

Siti hakuishika mashine ile. Lakini alijifunza kuimba kwa ajili yake, jambo ambalo hakuna mwanamke wa pwani hii aliyekuwa amemtangulia kulifanya. Kama hilo si jaribio, sijui neno jaribio tumeliweka kwa ajili ya nani.

Sasa turudi bara, tena karibu kabisa na kwetu. Mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya ufalme wa Burundi kuangushwa, Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi nchini humo nyimbo na ngoma zilizotolewa Ufaransa na kampuni ya Ocora. Sahani hiyo ina mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni ngoma kubwa za kifalme, ambazo wapigaji wake walikuwa wanaume. La pili ni sauti za wanawake, na hapa naomba msomaji avumilie nikae kidogo.

Wanawake wa Burundi wana salamu ya kuimba inayoitwa akazehe. Wanakutana wawili, mmoja anaongoza, mwingine anaingiza silabi zake katika mianya ya mwenzake kwa kasi kubwa, hata ukifumba macho huwezi kusema kama wanaoimba ni wawili, watatu, au ni mmoja mwenye makoo mawili. Maneno yamo, ya kuuliza hali na kutakiana heri, lakini yamesagwa ndani ya mdundo mpaka yanakaribia kupoteza maana yake ya kamusi. Kuna pia ubuhuha, ambapo mwanamke anakunja viganja na kupuliza humo, sauti ya kinywa ikageuka kuwa sauti ya kitu kingine kabisa. Mwenye kompyuta leo angeuita ufundi wa kwanza kufumanisha midundo, na wa pili kupitisha sauti kwenye chujio. Wale akina mama walitumia mate, pumzi na viganja. Mwanafunzi wa fasihi simulizi akiipata akazehe atafanya nini? Ataandika: "Salamu. Dhamira: upendo na umoja." Basi, biashara imekwisha.

Sahani hiyo ilisafiri. Mwaka 1971 Mfaransa mwingine, Michel Bernholc, aliyejiita Mike Steiphenson, alizichukua zile ngoma za kifalme, akazipaka piano na magitaa, na kuzitoa kama "Burundi Black". Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alikata kipande cha ngoma hizo hizo, akakiunganisha kichwa na mkia kiwe kinazunguka bila kukoma, kisha yeye mwenyewe akapiga juu yake kinanda cha umeme cha Moog. Wimbo unaitwa "The Jungle Line", na wanaoandika historia ya muziki wa kukata na kubandika huuhesabu miongoni mwa mifano ya mapema. Yaani hapa tuna mwanamke aliyeishika mashine kwa mikono yake, na nani asingefurahi? Ila tazama kilichoandikwa kwenye jalada: wapigaji wametajwa kama ngoma za mashujaa wa vita wa Burundi. Hakuna jina la mtu hata mmoja. Tena ngoma zile hazikuwa za vita, zilikuwa za mfalme.

Na mwaka huo 1975 Warundi wenyewe walikuwa wapi? Wengi walikuwa kwetu. Baada ya mauaji ya 1972 makumi ya maelfu walivuka kuja Tanzania, na mwaka 1973 ikaanzishwa Katumba, jirani na mji wa Mpanda, kisha mwishoni mwa muongo huo Mishamo. Msitu ukafyekwa, mihogo na tumbaku ikapandwa. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1995 kinaonesha jinsi watu wa kambi ile walivyoijenga upya historia yao kwa masimulizi. Ni kitabu ambacho kila mwanafunzi wa fasihi simulizi angepaswa kukisoma, ingawa kinahusu masimulizi zaidi kuliko nyimbo. Kwa hiyo ramani yetu ni hii: kipande cha sauti ya Burundi kinazunguka studioni California, na watu waliotoka katika nchi ya sauti hiyo wanalima Katumba kwa jembe la mkono. Sisemi Mitchell aliiba. Nasema sauti ilipewa pasi ya kusafiria kabla ya wenyewe. Wao walisubiri mpaka mwaka 2014 ndipo vyeti vya uraia wa Tanzania vilipoanza kugawiwa kwa wale watu takriban 162,000 waliokubaliwa.

Kuna jambo la tatu, nalo ni chungu. Mwezi Oktoba 2017 amri ya rais wa Burundi ilipiga marufuku wanawake kupiga ngoma hizo za kifalme, ambazo miaka mitatu nyuma zilikuwa zimeingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sababu iliyotolewa ni mila. Mila ni neno zuri, lakini ningependa mtu aniambie ni mila gani inayohitaji amri ya rais ili ijulikane. Amri huandikwa pale watu wanapokuwa wameshaanza kutenda. Na kweli, vikundi vya wanawake wapigao ngoma vilikuwa vimeshatokea Burundi. Binti wa Katumba leo ni Mtanzania, amri ile haimfikii. Je, akiamua kuipiga ngoma ya babu yake, atakayemzuia atatumia sheria ya nchi gani?

Nimesema tuwape kurasa wale wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu. Ukurasa mmoja unatosha. Huko Uingereza, Daphne Oram alikuwa mmoja wa waanzilishi wa karakana ya sauti ya BBC mwaka 1958. Mwaka uliofuata akaondoka na kujitengenezea mashine yake ya kugeuza michoro ya kwenye filamu kuwa sauti. Katika karakana hiyo hiyo, mwaka 1963, Delia Derbyshire aliunda kwa vipande vya utepe muziki wa mwanzo wa kipindi cha televisheni cha Doctor Who. Aliyeandika noti alikuwa mwanamume, na jina lake likatajwa. Aliyeiunda sauti yenyewe hakutajwa kwenye skrini mpaka mwaka 2013, naye alikuwa ameshafariki tangu 2001. Kwa hiyo mgawanyo wa "noti za mwanamume" na "kazi ya mikono ya mwanamke" hauna rangi wala bara. Tuendelee na yetu.

Mashine iliyobadilisha masikio ya Watanzania wengi haikuwa ya maabara. Ilikuwa kinanda cha umeme cha taarab. Katika miaka ya 1990 East African Melody, pamoja na taarab ya vikundi vya Muungano na TOT, walionesha kwamba kinanda kimoja kinaweza kusimama mahali pa fidla, kanuni na nusu ya orkestra. Wazee wa Zanzibar walinung'unika. Hata hivyo mipasho ilishika nchi nzima, nasi tukaandika tasnifu juu ya lugha ya mafumbo ya Khadija Kopa na wenzake. Tulifanya vyema kuandika. Lakini katika tasnifu hizo kinanda kiko wapi? Hakipo. Mwanamke anaimba, mwanamume anabonyeza, mhakiki ananakili maneno. Ilhali watu wakisikia ile sauti ya kinanda tu, kabla ya neno hata moja, kina mama wameshasimama na noti mkononi kwenda kutunza. Ujumbe umeshafika. Kwa njia gani? Hapo ndipo nadharia zetu zinapokohoa.

Kutoka katika kinanda hicho ikazaliwa singeli. Vijana wa Dar es Salaam, maeneo ya Manzese, Mburahati na kwingineko, walichukua vipande vya ala vya taarab, wakavizungusha kwenye kompyuta na kuvikimbiza mpaka mapigo 200 hata karibu 300 kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati, na wakosoaji wa Ulaya wakashangaa kwamba muziki wa majaribio wenye kasi ya namna ile umetoka uswahilini. Majina yaliyofuata ni ya wanaume: Bamba Pana, Jay Mitta, Duke, Sisso, DJ Travella.

Haya, lakini singeli ilichezwa wapi kabla ya kusafiri? Vigodoro. Na kigodoro kilikuwa cha nani? Cha wanawake. Ni sherehe ya usiku, ya mkesha wa harusi au ya mtoto kutolewa ndani, ambapo turubai linafungwa barabarani na kina mama ndio wenye shughuli, wachezaji na watunzaji. Fundi mitambo alikuwa mwajiriwa wao wa usiku mmoja. Alipoongeza kasi na viuno vikakubali, alijua amepatia. Alipokosea aliambiwa papo hapo, tena kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Maoni yangu ni kwamba kasi ya singeli ni utunzi wa watu wawili, na mmoja wao hakuandikwa jina. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba hadhira ni sehemu ya utungaji. Tunalikariri hilo kwa mtihani, halafu tunalisahau tukiwa mbele ya turubai.

Singeli ilifika Mpanda kwa njia ya vibanda vya kuweka nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Katika sherehe zetu nilizohudhuria mpangilio ni ule ule kila mara: mshereheshaji mwanamke, mwenye kompyuta kijana wa kiume. Shangazi yangu ana maspika yake ya kukodisha, makubwa mawili na madogo manne, na anajua waya upi umechoka kwa kuusikiliza tu. Nilipomuuliza kwa nini hakai yeye kwenye kompyuta alinijibu, "Mwanangu, mimi ndiye mwenye mali, atakaaje mwenye mali kwenye kiti cha kibarua?" Jibu hilo limenisumbua sana, maana linaipindua hoja yangu. Huenda kuishika mashine si cheo kila mahali.

Hata hivyo mashine inaacha jina, na mali haiachi. Hebu tuangalie wa siku hizi. Mganda MC Yallah mwaka 2019 alitoa Kubali, anafoka kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, kama mtu anayepukuchua mahindi. Midundo ni ya Mfaransa Debmaster. Malkia wa Zawose, Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe Zawose, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024. Hukwe mwenyewe alikuwa amejaribu mashine pamoja na Michael Brook katika Assembly ya mwaka 2002. Wanawake wa Kigogo hawakukatazwa ngoma, muheme ni yao na huibana kati ya mapaja, lakini kuwa mbele kwa jina na kupiga ilimba na zeze wakiwa viongozi ni hatua mpya. Napenda albamu hiyo. Ila watayarishaji wake ni wanaume wawili wa Uingereza. Sauti yetu, mashine yao: wimbo huu tumeusikia tangu Bombay.

Tofauti inaonekana kwa wengine. Kampala, DJ Rachael, aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1990, alianzisha Femme Electronic mwaka 2016 ili wanawake wafundishwe mitambo na wanawake. Nairobi, Coco Em alitoa Kilumi mwaka 2022 akiwa mtayarishaji mwenyewe, na jina amelichukua kwenye ngoma ya kimila ya Wakamba. Anayenigusa zaidi ni Nyokabi Kariũki, Mkenya aliyezaliwa 1998. Katika peace places: kenyan memories ya mwaka 2022 alizifanyia kazi sauti alizorekodi nyumbani, zikiwemo za shamba la bibi yake, na mwaka uliofuata akatoa FEELING BODY kuhusu ugonjwa uliomng'ang'ania baada ya korona. Anatunga, anarekodi, anakata, anaimba. Maneno yake yanarudi na kupishana mpaka yanakuwa pumzi. Nilipomsikiliza mara ya kwanza nilifikiri juu ya akazehe, si kwa sababu zimefanana nyuzi kwa nyuzi, bali kwa sababu zote mbili zinamnyima mhakiki chakula alichozoea. Ukiyatoa maneno na kuyalaza mezani hupati kitu. Unabaki na shuka.

Mwalimu mmoja aliposoma rasimu ya makala haya aliniambia kwamba huu si uhakiki wa fasihi, ni uhandisi. Namheshimu, lakini tukiongea vina tunaongea nini kama si sauti? Shairi letu la kimapokeo limejengwa juu ya kitu ambacho sikio linakisubiri mwisho wa kipande, na huo nao ni uhandisi.

Likizo hii ninakwenda Katumba kukusanya data. Fomu tunayopewa ina nafasi ya jina la mwimbaji, umri, kabila, mahali na tarehe. Nimeongeza safu mbili kwa kalamu. Ya kwanza inasema: sauti imetengenezwa na nani, kwa kitu gani. Ya pili: nani amebonyeza kinasa sauti. Katika safu hiyo ya pili sitaki jina langu lijirudie ukurasa mzima, kwa hiyo simu nitawakabidhi wao, wajirekodi wenyewe, wafute wanachotaka na kuanza upya wanapotaka. Betri yake haimalizi saa nne. Nitaanza na bibi wanaoamka mapema.